Kawasaki: Mji Unaotoa Amonia Kwenye Plastiki Chakavu

Mwaka 1931 kiwanda cha mbolea kilichojengwa ufukweni mwa Kawasaki, mji wa viwanda ulio kati ya Tokyo na Yokohama, kilitengeneza amonia kwa teknolojia iliyobuniwa na Wajapani wenyewe. Nchi hiyo haikuwa imewahi kufanya hivyo. Mwanzilishi wa kiwanda, Nobuteru Mori, alitaka mbolea ya viwandani isitegemee tena ufundi wa wageni.

Amonia hutokana na naitrojeni na haidrojeni. Naitrojeni imejaa hewani, haina bei. Haidrojeni ndiyo ya kutafutwa, na tangu siku ile kiwanda hicho hakijaacha kuitafuta. Kwanza ilitolewa kwenye maji kwa nguvu ya umeme. Baadaye ikatolewa kwenye mazao ya petroli na gesi. Na tangu 2003 inatolewa pia kwenye mifuko ya mikate, vikopo vya mtindi na chupa za sabuni zilizotupwa na familia za Kijapani.

Maarifa ya kutoa gesi kwa joto ni ya zamani. Mwaka 1792 William Murdoch aliangaza nyumba yake huko Redruth, Uingereza, kwa gesi iliyotoka kwenye makaa ya mawe yaliyopashwa moto ndani ya chombo kilichofungwa. Miaka 20 baadaye London ilikuwa na kampuni ya kusambaza gesi kwa mabomba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, petroli ilipoadimika, maelfu kwa maelfu ya magari ya Ulaya yalifungwa matanuri ya kuni nyuma na kutembea kwa gesi yake. Kanuni haijabadilika: kitu chenye kaboni kikipata joto kali huku kikinyimwa hewa ya kutosha, hakiungui chote. Huvunjika kuwa gesi ambayo bado ina nguvu ndani yake. Plastiki, ambayo chimbuko lake ni petroli na gesi asilia, inafaa sana kwa kazi hiyo.

Lakini Kawasaki haikufika hapo kwa sayansi peke yake. Mji huo ulijulikana kwa moshi. Mwaka 1982 wakazi waliougua pumu na magonjwa mengine ya kifua walifungua kesi dhidi ya makampuni na serikali, wakapambana mahakamani zaidi ya miaka 10. Wakati huohuo Japani ilikuwa inaishiwa nafasi ya kufukia taka. Mwaka 1995 ikatunga sheria ya urejelezaji wa vifungashio, na kuanzia 2000 vifungashio vya plastiki vya kila aina vikaingia humo. Sheria iligawa kazi waziwazi: mkazi atenganishe taka, halmashauri izikusanye na kuzifunga, kampuni inayotengeneza au kutumia kifungashio ilipie urejelezaji wake. Hapo ndipo plastiki chakavu ilipopata njia ya kufika kiwandani, tena ikiwa na fedha zake.

Kampuni ya Showa Denko, mrithi wa kiwanda cha Mori, ikaikamata fursa hiyo. Ilitumia mfumo uliobuniwa na kampuni za Ebara na Ube, wenye matanuri mawili. Plastiki hufika katika marobota, husagwa, vyuma hutolewa, kisha hushindiliwa kuwa vipande vidogo vigumu. Vipande huingia tanuri la kwanza, lenye mchanga wa moto unaozunguka kwa nyuzijoto 600 hadi 800, na humo huvunjika kwa oksijeni kidogo na mvuke. Gesi inayotoka bado ina lami na masizi, kwa hiyo hupelekwa tanuri la pili, ambalo joto lake hufika takribani nyuzi 1,400. Joto hilo huivunjavunja lami, na kinachobaki hasa ni haidrojeni na kaboni monoksidi.

Kisha gesi hupoozwa ghafla. Hatua hii ni fupi, lakini kwangu ndiyo inayostahili heshima kubwa kuliko zote, kwa sababu dioksini, sumu inayotoka pale plastiki inapochomwa ovyo jalalani, hupata nafasi ya kujiunda gesi inapopoa polepole. Klorini iliyotoka kwenye plastiki ya aina ya PVC huoshwa na kugeuzwa chumvi. Kaboni monoksidi hukutanishwa na mvuke ili itoe haidrojeni zaidi, na kaboni dioksidi inayopatikana huuzwa kwa watengenezaji wa barafu kavu na soda.

Mtambo huo una uwezo wa kupokea tani 195 za plastiki kwa siku. Amonia yake huenda kwenye mbolea, kwenye nyuzi za nguo, na kwenye vituo vya umeme vinavyoitumia kusafisha moshi wao. Mwaka 2018 hoteli moja ya Kawasaki ilianza kupokea haidrojeni ya mtambo huo kwa bomba na kuzalisha umeme na maji ya moto. Hata miswaki na vitana vilivyotumiwa na wageni wake hurudishwa matanurini. Kufikia 2024, plastiki iliyopita humo tangu mwanzo ilikuwa imevuka tani milioni 1. Kampuni sasa inaitwa Resonac.

Wengine walijaribu wakashindwa. Huko Schwarze Pumpe, Ujerumani, plastiki na taka nyingine zilichanganywa na makaa ya mawe ili kupata methanoli, lakini mtambo ukafungwa 2007. Katika Tees Valley, Uingereza, Air Products ilijenga mitambo miwili ya kugeuza taka mchanganyiko kuwa gesi, kila mmoja ukikusudiwa tani 350,000 kwa mwaka. Mwaka 2016 iliachana nayo na kupata hasara ya karibu dola bilioni 1. Tanuri linalolishwa taka za kila namna, leo mbichi kesho kavu, haliwezi kutulia. Kawasaki ilikuwa na plastiki iliyotenganishwa tangu jikoni, na kiwanda cha amonia kilichoihitaji gesi hiyo kila saa.

Wala tanuri halifuti kila dhambi ya plastiki. Kaboni dioksidi ya kwenye soda hurudi angani chupa inapofunguliwa, na mfuko ambao haukutengenezwa kabisa una nafuu kuliko ulioyeyushwa kwa ustadi. Kwa sababu hiyo naunga mkono marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Kenya 2017 na Tanzania 2019.

Kwa yanayobaki, Kenya ilitunga mwaka 2022 sheria ya usimamizi endelevu wa taka, inayomtaka mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika, na taka zitenganishwe zinakotoka. Huo ndio msingi ulioitangulia Kawasaki. Wananchi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu wadai sheria hiyo itekelezwe mitaani kwao, na majirani zetu wadai ya kwao, kabla hatujakubali kuuziwa tanuri lolote.