Kilemba cha Fundi: Nani Amelipia Mafunzo ya Kazi Nchini Kenya

Katika miji ya pwani ya Kenya, kijana aliyetaka kuwa seremala, mwashi au mhunzi aliingia uanagenzi. Hakupewa mshahara. Alifagia kiwanda, alibeba zana, alishika upande wa pili wa msumeno, na kazi yenyewe aliiba kwa macho mpaka siku fundi alipomwachia patasi. Alipohitimu alimpa mwalimu wake kilemba, ambacho huenda kilikuwa kitambaa chenyewe au fedha zilizobeba jina hilo. Gharama yote, basi, ilikuwa ya mwanagenzi, kwa jasho kwanza na kwa kilemba baadaye. Cheti hakikuwapo. Aliyetaka ushahidi wa ufundi alitazama mlango uliochongwa, au jahazi lililorudi salama.

Wakoloni na wamisionari walipokuja, mlipaji alibadilika. Shirika la CMS lilianzisha makazi ya watumwa walioachiwa huru huko Freretown, karibu na Mombasa, mwaka 1875, na baadhi ya waliohamia hapo walikuwa wamefundishwa kazi za mikono huko Nasik, India. Kisha ikaja reli. Kati ya 1896 na 1901 vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga mpaka Ziwa Victoria. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki pamoja na jamaa waliowafuata ndio waliokuja kuwa mafundi wa miji mipya. Kwa miongo kadhaa, Nairobi ilipohitaji kujengewa ukuta au kutengenezewa gari, aliyeitwa mara nyingi alikuwa Mhindi.

Serikali ya kikoloni iliona fundi huyo ni ghali. Mwaka 1924 ikafungua Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kituo cha kufundishia Waafrika useremala, uashi na uhunzi kwa mikataba ya uanagenzi. Hapo ndipo fedha za umma zilipoanza kulipia ufundi kwa utaratibu. Nia haikuwa kumwondolea mtu ukosefu wa kazi, kwa sababu taabu ya serikali wakati huo ilikuwa kuwapata Waafrika wa kufanya kazi za wengine. Ilitaka mafundi wa bei nafuu wa barabara, reli na nyumba za maofisa. Pamoja na mafunzo ulikuja mtihani wa gredi, na gredi ya mtu ikawa ndiyo inayompangia mshahara. Karatasi ilikuwa imeingia katika ufundi, na haijatoka mpaka leo.

Mlango wa pili haukuwa na mtihani wala mkataba. Vijana wa Kiafrika walioajiriwa kufagia karakana za Wahindi, kupuliza mivukuto na kushika koleo walijifunza kama wanagenzi wa pwani walivyojifunza, kwa kutazama. Kisha waliondoka na kufungua vibanda vyao penye nafasi, katika mitaa ya Nairobi kama Pumwani, Gikomba na Shauri Moyo, na wakawafundisha vijana wengine. Kenneth King, aliyeuchunguza mnyororo huo na kuuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1977, aliwafuata mafundi waliogeuza mikebe ya mafuta kuwa taa za koroboi na vyuma chakavu kuwa vifaa vya baiskeli. Namna ya kufundishana ilikuwa rahisi. Kijana aliyetaka kazi alikwenda na ada kidogo aliyopewa na baba au mjomba, akampa fundi, akaanza kwa kunyoosha mabati. Pipa kuukuu la mafuta lilipasuliwa kwa patasi, likafunguliwa, likagongwa juu ya kipande cha reli kilichofanywa fuawe mpaka likalala kama karatasi. Mwanagenzi aligonga wiki kadhaa kabla ya kuruhusiwa kukata. Kukata ni kupoteza bati, na bati lilikuwa mtaji wa fundi.

Huko Mombasa jumuiya zilijaribu kulipa zenyewe. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ilianzishwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali, ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Mwaka 1966 ikawa chuo cha ufundi cha watu wote. Leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Uhuru wa mwaka 1963 uliligeuza swali la serikali, kutoka kuwapata wafanyakazi hadi kuwapatia watu kazi. Shule za msingi zilikuwa zimepanuka haraka, na kufikia mwaka 1965 watahiniwa wa darasa la mwisho walikuwa wamepita 100,000, huku nafasi za sekondari zikiwatosha wachache tu. Wengine waliingia mijini. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi vilitia saini mapatano ya pande tatu: waajiri binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama visidai nyongeza ya mishahara kwa muda wa mwaka mmoja. Kazi kiasi zilipatikana. Lakini habari ya kazi ilifika mashambani kabla ya kazi zenyewe, na waliokuja mjini kujiandikisha walikuwa wengi mno kuliko nafasi. Wanauchumi John Harris na Michael Todaro waliitumia Kenya kama mfano mwaka 1970 walipoeleza kwa nini kuongeza ajira mjini peke yake kunaweza kuongeza wasio na kazi. Wenye vibanda vya chai nje ya ofisi za kazi bila shaka walikuwa wamekwisha kuliona jambo hilo.

Mwaka huohuo wa 1964 iliundwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, chini ya Geoffrey Griffin, mwanzilishi wa shule ya Starehe. Kijana alipewa sare, chakula na posho, akafyeka vichaka na kujenga barabara, kisha akafundishwa kazi. Mlipaji alikuwa serikali, na ilipata kazi za umma kama malipo yake. Ilikuwa nidhamu ya jeshi bila bunduki, na iliwachukua maelfu, ilhali waliokuwa wakimaliza shule kila mwaka walikuwa makumi ya maelfu.

Jibu lililokuwa na fikra mpya zaidi lilitoka makanisani. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilichapisha ripoti iliyouliza baada ya shule kuna nini, na likapendekeza vyuo anuwai vya vijiji. Pendekezo lilikuwa la kibahili kwa makusudi. Chuo kisiwe na mabweni, na mwanafunzi alale kwao. Mwalimu awe fundi wa hapohapo, hata kama hana cheti. Majengo yawe ya udongo au mbao, na yajengwe na wanafunzi wenyewe kama sehemu ya somo. Kozi zichaguliwe kwa kutazama kijiji kinanunua nini: kama watu wanajenga nyumba za mawe, wafundishwe uashi, na soko la uashi likijaa, kozi ifungwe. Lililokuwa kali kuliko yote ni hili, kwamba mwisho wa mafunzo pasiwe na mtihani wa serikali. Kipimo kiwe mapato ya kijana baada ya kuondoka.

Vyuo vya kwanza vilianza kabla ya muongo huo kwisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikaanza kuvisaidia, hasa kwa kulipa sehemu ya mishahara ya walimu. Vikazaliana kila wilaya. Na kadiri vilivyozaliana vilianza kufanana na shule ambazo vilikusudiwa kuzikimbia. Wazazi waliouza mbuzi kulipa karo walitaka kuona karatasi. Wanafunzi nao waliona kwamba mwenye gredi ndiye anayechukuliwa na kampuni ya ujenzi Nakuru au Thika, hata kama wa bila gredi anajenga vizuri zaidi. Walimu walianza kufundisha kwa ajili ya mtihani wa gredi, na kozi zikaganda: useremala, uashi, na ushonaji kwa wasichana, kijiji kwa kijiji, soko liwe limejaa au halijajaa. Wataalamu waliwalaumu wazazi kwa tamaa ya vyeti. Lawama hiyo haikuwa ya haki, kwa kuwa wataalamu hao walikuwa na vyeti vyao, na mzazi aliyepima thamani ya karatasi katika Kenya ya miaka ya 1970 alikuwa amehesabu sawasawa.

Wakati vijiji vikijenga kwa udongo, wilaya zilijenga kwa mawe. Vuguvugu la harambee lilizaa taasisi za teknolojia: Kimathi huko Nyeri, RIAT huko Kisumu, WECO huko Kakamega, nyinginezo Kiambu, Murang'a na Voi. Huko Nyeri wakulima wa kahawa walichangia kutokana na mazao yao. Ni mojawapo ya vipindi vichache ambapo mkulima mdogo aligharimia moja kwa moja elimu ya ufundi ya watoto wa wengine, na huenda ndiyo sababu wachangiaji walitaka kuona kitu kikubwa. Kimathi, Murang'a na WECO ni vyuo vikuu leo. Fundi bomba hatoki huko tena kwa wingi.

Waajiri nao waliingizwa kwa sheria. Marekebisho ya mwaka 1971 ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani yalianzisha tozo: kampuni inachanga katika mfuko, na inayowafundisha wafanyakazi wake inarudishiwa gharama. Tangu mwaka 2007 kiwango ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mpango huo umedumu kuliko mingi, lakini kwa umbo lake unamhudumia zaidi aliyekwisha kuajiriwa. Asiye na kazi hana mwajiri wa kumdaia.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulitoa ripoti iliyosema kwamba tatizo kubwa la Kenya lilikuwa watu wanaofanya kazi kutwa na bado ni maskini, na kwamba vibanda vilivyokuwa vikibomolewa na askari wa manispaa vilikuwa vikitoa ajira na mafunzo bila ruzuku. Kubomoa kuliendelea hata hivyo. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya jina la jua kali, lililotokana na mafundi kufanya kazi bila paa, kugeuka kutoka dhihaka kuwa neno la bajeti. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuwaahidi vibanda. Mwaka huo ndipo mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza, ukiwa na masomo ya useremala na uashi kwa kila mtoto wa shule ya msingi, bila karakana za kutosha na huku mzazi akidaiwa mbao.

Jaribio lililogeuza mambo juu chini lilikuja miaka ya 1990. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 1994, serikali ilianza mwaka 1997 kutoa vocha za mafunzo kwa wenye biashara ndogo. Mwenye vocha alichagua mwenyewe pa kujifunza, akalipa takriban asilimia 10 ya ada, na mradi ukalipa zilizobaki. Waliopanga walitarajia vyuo vigombee wateja. Waliojitokeza kwa wingi ni mafundi wenyewe. Mshonaji aliyekuwa akichukua mwanagenzi mmoja au wawili alipanga kozi ya wiki chache, akaandika ratiba kwenye daftari, akakodi cherehani mbili zaidi. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa ikimpa fundi kilemba. Palikuwa na udanganyifu pia, wa wanafunzi hewa na vocha zilizogawanwa, na mradi ulipokwisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko hilo likanywea, kwa kuwa wengi hawakuweza kulipa ada kamili.

Baada ya hapo fedha zilielekezwa kwenye mikopo. Mfuko wa Maendeleo ya Biashara za Vijana ulitangazwa mwaka 2006 na shilingi bilioni moja, na Mfuko wa Uwezo ukafuata mwaka 2013 na bilioni sita zilizokuwa zimetengewa duru ya pili ya uchaguzi isiyofanyika. Dhana ilikuwa kwamba kijana anakosa mtaji. Mara nyingi ni kweli, lakini mkopo wa kikundi unaogawanywa kwa watu kumi hautoshi kununulia kila mmoja mashine ya kuchomelea.

Katiba ya mwaka 2010 ilivikabidhi vyuo anuwai vya vijiji kwa kaunti, ikiviita kwa jina lilelile la mwaka 1966, ingawa sheria za baadaye na mabango ya barabarani yanaviita vituo vya mafunzo ya ufundi stadi. Kaunti zilirithi majengo yenye nyufa na walimu waliokaribia kustaafu. Baadhi zimeweka karo ya ruzuku na kununua zana mpya. Mradi mwingine wa Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 2016, uliwapeleka vijana kwa mafundi wakuu wa jua kali na kuwalipia mafunzo pamoja na posho, na mwisho wake uliweka mtihani.

Katika miaka ya 2020 mlango umefunguliwa kwa upande wa fundi mwenyewe, kupitia utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mtu aliyejifunza Gikomba au Kamukunji anaweza kupimwa na kupewa cheti bila kukaa chuoni. Siku ya kupimwa anapewa bati, vipimo vya sanduku au jiko, na saa chache. Analikata mara moja bila kuchora, kwa kuwa mkono umezoea, na mtahini anamwomba arudie akichora mistari kwanza, ili apate cha kutilia alama. Ada ya mtihani hulipwa kabla ya kuingia.