Oktani, pikapu na sumu iliyofichwa jina

Wadau, wenye pikapu wengi nawasikia na ubishi ule ule: eti petroli ya oktani kubwa inaongeza nguvu. Haiongezi. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo kwenye silinda bila kujilipukia kabla ya wakati na kuifanya injini igonge. Kipimo alikibuni Mmarekani Graham Edgar mwaka 1926: isooktani akaipa 100, heptani 0.

Ila kupandisha oktani kuna historia chafu. Desemba 1921 Thomas Midgley, wa maabara ya General Motors, aligundua kwamba risasi kidogo kwenye petroli inakomesha kugonga. Februari 1923 ikaanza kuuzwa Dayton, Ohio, kwa jina la Ethyl. Neno risasi wakalificha. Oktoba 1924, kwenye mtambo wa Bayway, New Jersey, wafanyakazi watano wakafa kwa sumu hiyo, wengine wakarukwa na akili. Biashara ikaendelea, na kwa miongo mingi watoto wa mijini wakavuta moshi unaodhuru ubongo. Huku kwetu, kusini mwa Sahara, karibu nchi zote ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Algeria ikafunga dimba 2021.

Sasa wewe fungua kitabu cha gari. Kimeandika 91? Ya 95 itakula hela yako bure. Kimeandika 95? Usibanie, injini itagonga. Na ukiuziwa chupa ya "kuongeza nguvu", uliza kwanza ndani kuna nini. Waliouziwa Ethyl hawakuambiwa.