Lupopo na Mazembe: timu zilizolelewa na reli na matairi

Misisi, kama kwingine Fizi, wapenzi wa Lupopo na wa Mazembe hawaishi kubishana. Wachache wanakumbuka kwamba timu hizo zililelewa na kazi.

Lupopo ilianza 1939 kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kati ya wafanyakazi wa reli. Mashabiki wake wanaitwa cheminots, watu wa reli, mpaka sasa. Saint-Éloi wa jina lake ni msimamizi wa wafua vyuma, tena wa wafua dhahabu. Wachimbaji wa Misisi wangekuwa na haki ya kumdai. Mazembe ilianzishwa mwaka uleule na mapadre Wabenediktini, baadaye ikabeba jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoifadhili. Kwa jina hilo ilitwaa ubingwa wa Afrika 1967 na 1968.

Kwa mchezaji, kazi ya kampuni ilikuwa na maana kubwa: miguu ikichoka, mshahara ulibaki. Lakini alifungwa na hali ya mwajiri. SNCC, iliyorithi reli, ilifika kudaiwa na wafanyakazi wake mishahara ya miezi mingi.

Moïse Katumbi alipoishika Mazembe, klabu yenyewe ikawa mwajiri mwenye pesa. 2010 ilicheza fainali ya klabu za dunia, ikafungwa na Inter 3-0.

Misisi dhahabu ipo, ila mchimbaji mdogo anayecheza mpira hana mwajiri. Akivunjika mguu uwanjani, hashuki shimoni, na asiposhuka hana chake.