Sufuria za jiko la induksheni

Sufuria za jiko la induksheni ni vyombo vya kupikia vyenye kitako cha chuma kinachovutwa na sumaku, hivyo hupata moto juu ya jiko la umeme linalofanya kazi kwa uga wa sumaku.

Jiko hilo halina waya unaowaka. Chini ya kioo chake kuna koili ya shaba. Umeme unaopita humo hubadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na uga wake huzalisha mikondo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria. Kinachopata moto ni sufuria yenyewe, kisha kioo hupashwa nayo.

Kikwe wilayani Meru, kama kwingineko nchini Tanzania, chombo cha kila siku ni sufuria ya alumini. Hiyo haivutwi na sumaku, tena hupitisha umeme kwa urahisi mno. Ikiwekwa juu ya jiko hili, jiko hulia, huonyesha alama ya kosa na kuacha kufanya kazi. Chungu cha udongo nacho hakifai. Kwa hiyo bei ya jiko si gharama yote, jambo linalosahaulika mara nyingi tangu serikali ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, unaolenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034.

== Kupima ==
Sumaku yoyote inatosha, hata ya spika ya redio mbovu. Iwekwe katikati ya kitako, si ubavuni. Ikinata barabara, sufuria inafaa; ikishika kwa unyonge, itapika polepole au itakataliwa. Sufuria za enameli na za chuma cha kusubu kwa kawaida hufaa. Stili ndiyo hudanganya: yenye alama 18/10 ina nikeli na kwa kawaida haivutwi na sumaku, ila yenye 18/0 huvutwa. Kung'aa si ushahidi. Baadhi ya sufuria, hata za alumini, zimebandikwa bamba la chuma kitakoni, nazo hufaa.

Kitako kiwe bapa. Majiko mengi hayatambui kitako chenye kipenyo chini ya sentimita 12 hivi.

== Ugali na makande ==
Ugali ndio mtihani. Sufuria nyepesi huzunguka juu ya kioo wakati wa kusonga, na ikiinuliwa jiko huacha kupasha. Inafaa sufuria nzito yenye mikono miwili. Kuigongagonga kunaweza kupasua kioo. Kwa makande, sufuria ya presha yenye kitako cha sumaku huokoa muda na yuniti za LUKU.

== Jiko linalofanana nalo ==
Jiko la infraredi pia lina kioo cheusi, lakini huwaka wekundu na hupokea sufuria za alumini zenye kitako bapa. Kwa kuwa hayo mawili ni rahisi kuchanganywa, mnunuzi afike dukani na sufuria ya nyumbani, aijaribu kabla ya kulipa.