Mwenye Fisi

Isaka ni mji mdogo wa Wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, na ni mtoto wa reli. Njia ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na Isaka ikapata jina kwa kuwa kituo kimojawapo. Siku hizi hutajwa zaidi kwa bandari yake ya nchi kavu, ambako mzigo uliotoka Dar es Salaam huteremshwa behewani na kupakiwa katika malori yaelekeayo Rwanda na Burundi. Nje ya taa za kituo ndipo uanzapo usiku wa kale wa mpaka wa Usukuma na Unyamwezi, na usiku huo una sauti yake: mlio wa fisi, ambaye Wasukuma humwita mbiti.

Kwa itikadi iliyoenea katika nchi hizo, fisi aliaye karibu na maboma si mnyama wa pori. Ana mwenyewe. Amefugwa. Hulala nyumbani mwa mchawi mchana, na usiku hupandwa kama punda, au hutumwa kudhuru ng'ombe na watoto wa jirani. Wambugwe wa karibu na Ziwa Manyara, kama alivyoandika mtaalamu Robert Gray mwaka 1963, waliamini pia kwamba wachawi huwatia fisi wao chapa isiyoonekana na huwakamua maziwa. Kwa hiyo mtu akisikia mlio, hajiulizi mnyama anatafuta nini. Anajiuliza ni wa nani.

Ajabu ni kwamba nchi hiyohiyo ina wafugaji wa kweli wa wanyama wa mwituni, wala hawajifichi. Wagoyangi, ambao Wasukuma huwaita Bayeye, ni chama cha wacheza nyoka. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, aliandika habari zao mwaka 1946. Mwanachama hufundishwa kwanza dawa za kinga na za kutibu aliyeumwa, kisha namna ya kumshika nyoka, ndipo aingie uwanjani. Wako pia Banunguli, chama cha wawindaji wa nungunungu, ambao huingia na nungunungu hai katika ngoma. Huko Usukuma ngoma ni shindano. Wagika na Wagalu, pande mbili zinazonasibishwa na mahasimu wa kale, Ngika na Gumha, husimama kila mmoja na watu wake, na mshindi ni yule aliyevuta umati kwake. Malenga hutunga, hukashifu, hujibiwa papo hapo. Na nyimbo zikichoka, chatu hutolewa. Msomaji wa pwani aliyesikia habari za beni na za vikundi vya mitaa vilivyoshindana kwa mavazi na maneno hatakuwa mgeni katika uwanja huo.

Mfugaji wa namna hii hulipia kila kitu hadharani. Chatu hula mara moja kwa wiki kadhaa, kwa hiyo gharama yake yabebeka; lakini swila hazoei mtu, na mkono unaomshika huhesabu siku zake. Nungunungu hulala mchana na kuguguna usiku kucha, mzizi au mfupa au mlango. Watu wanajua nani ana nini, kwani sifa ya mfugaji ni kuonekana.

Na fisi je? Fisi madoa aliyekomaa aweza kumeza kilo 14 za nyama na mifupa kwa mlo mmoja. Kinyesi chake ni cheupe kwa chokaa ya mifupa, na hakifichiki. Watoto wake huzaliwa macho yakiwa wazi na meno yameshaota, na ndugu huumana tangu siku ya kwanza. Jike ni mkubwa kuliko dume, ndiye atawalaye ukoo, na maumbile yake hufanana na ya dume kiasi kwamba watu wa kale walidai kila fisi ana jinsia mbili, dai ambalo Aristotle alilikanusha. Hans Kruuk, aliyewafuata usiku katika Serengeti na Ngorongoro na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, alionyesha kwamba fisi huwinda chakula chake kingi mwenyewe badala ya kungoja mabaki ya simba. Waliowafuga kweli kwa muda mrefu ni wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao kuanzia mwaka 1985 walilea kundi lililotokana na watoto wa fisi kutoka Kenya. Walihitaji nyua za chuma, watumishi na nyama isiyokatika, na kundi lilipofungwa mwaka 2014 sababu kubwa ilikuwa fedha.

Sasa atazamwe yule aliyeitwa mwenye fisi. Aghalabu alikuwa mwanamke mzee, mjane, mwenye kibanda cha chumba kimoja na pengine mbuzi wawili. Ushahidi juu yake ulikuwa macho mekundu.

Wekundu huo una historia. Tangu miaka ya 1920 vichaka vya Shinyanga vilifyekwa kwa amri ya serikali na watemi ili kumfukuza mbung'o; Charles Swynnerton, mkuu wa utafiti wa mbung'o, aliufanya mji wa Shinyanga makao ya kazi yake. Pamba ikafuata, na mifugo ikaongezeka mahali palipofyekwa. Miti ilipokwisha, jikoni kuliingia mashina ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Mwanamke aliyeinamia moshi huo miaka 40 hakuhitaji uchawi ili macho yake yawe mekundu.

Simeon Mesaki, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikusanya hesabu za Tanzania Bara za mwaka 1970 hadi 1984: watu 3,693 waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wanaume 1,407 na wanawake 2,286. Zaidi ya nusu yao walikuwa wa Usukuma. Serikali ilipotaka kukomesha mauaji hayo mwaka 1976, iliwakamata watu wengi wa Mwanza na Shinyanga, na baadhi yao waliteswa hata wakafia mikononi mwa maofisa. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya kisiasa, ingawa mkono wake haukuwamo. Wazanzibari wanamkumbuka kwa urais wa mwaka 1984, na Watanzania kwa ruhusa ya miaka iliyofuata. Wachache hukumbuka kwamba kisa cha kujiuzulu kwake kilianzia katika vijiji ambako kikongwe alisemwa ana fisi. Miaka michache baadaye, mpakani mwa Kahama na Shinyanga, wananchi waliunda sungusungu ili kuwakabili wezi wa ng'ombe. Sungusungu nao hawakuwaacha watuhumiwa wa uchawi. Wengi walifukuzwa vijijini.

Mtu wa visiwani asiharakishe kucheka. Unguja ilikuwa na chui wake, ambaye R. I. Pocock alimwandika mwaka 1932 kuwa aina ya peke yake, kwa jina la Dk. Aders aliyehudumu Zanzibar. Martin Walsh na Helle Goldman wamekusanya masimulizi ya mashamba: kulikuwa na chui wa kufuga, aliyelishwa, aliyetumwa, aliyerithiwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mganga aitwaye Kitanzi aliongoza msako wa wachawi na chui wao pamoja. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu walikuwa wamemhesabu chui huyo kuwa ametoweka, ilhali wapo waliodai kwamba wafugaji wangewaonyesha chui wao wakilipwa. Hakuna mtaalamu aliyeonyeshwa. Picha ya kamera ya mwaka 2018, ambayo watengenezaji wa kipindi cha televisheni walisema ni ya chui wa Unguja, haijamaliza ubishi. Imani ilikuwa ileile. Unguja ilimmaliza mnyama, na Usukuma, ambako fisi ni wengi mno na wajanja, iliwamaliza wanawake.

Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao badala ya kupanda miti migeni peke yake uliifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho ipumzike. Mamia ya maelfu ya hekta yamerudi kuwa kichaka, na kuni zimesogea karibu na nyumba. Fisi nao wamepata tena mahali pa kulala mchana, wakulima wanalalamika juu ya mbuzi wanaochukuliwa, na asubuhi baada ya mlio bado yupo anayeuliza ni wa nani.