Tiba ya jeni dhidi ya Alzheimer: imefikia wapi?

Kwa zaidi ya miaka 20 wanasayansi wamekuwa wakijaribu kuukabili ugonjwa wa Alzheimer kwa kuingiza jeni katika ubongo wa mgonjwa. Tiba ya namna hiyo bado haijaidhinishwa popote. Hata hivyo, majaribio hayo, hata yale yaliyoshindwa, yamefunza mengi kuhusu ugonjwa huu na kuhusu watu walio hatarini kuupata.

Ugonjwa wenyewe

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimensia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Alzheimer ndiyo chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya visa hivyo.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza alichokiona katika ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki: mabonge yaliyogandamana nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo inafahamika kuwa mabonge hayo ni ya protini ya bita-amiloidi, na nyuzi hizo ni za protini iitwayo tau. Mzee anayemsahau mwanawe au kupotea njia ya kwake mara nyingi huambiwa kuwa ni uzee tu, au hata kwamba amerogwa. Ukweli ni kwamba seli za ubongo wake zinakufa.

Jeni hufikishwaje ubongoni?

Jeni ni maelekezo ambayo seli huyafuata ili kutengeneza protini. Katika tiba hii, watafiti huchukua kirusi kisichojulikana kumletea binadamu maradhi, hukiondolea jeni zake na kukipakia jeni inayotakiwa. Kirusi hicho huwa mfano wa chombo kilichoshushwa shehena yake na kupakiwa nyingine. Kikiingia katika seli, seli hiyo huanza kutengeneza protini mpya, pengine kwa miaka mingi.

Jaribio la kwanza

Mwaka 2001 timu ya Chuo Kikuu cha California, San Diego, ikiongozwa na Mark Tuszynski, ilianza kuwafanyia upasuaji wagonjwa wanane. Seli za ngozi za wagonjwa wenyewe zilikuwa zimetiwa jeni ya protini inayolisha seli za neva, kisha zikapandikizwa ubongoni. Wawili kati yao walisogea wakati wa upasuaji wakavuja damu ubongoni, na mmoja akafariki baadaye. Wengine walifanyiwa upasuaji wakiwa wamelazwa usingizi kabisa.

Jaribio kubwa zaidi lilifuata, safari hii likitumia kirusi, na liliwahusisha wagonjwa 49. Baadhi yao walifanyiwa upasuaji wa kuigiza ili matokeo yalinganishwe. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2018 yalikatisha tamaa: waliopewa jeni hawakuwa na nafuu kuliko wenzao.

Sababu ilidhihirika pale ubongo wa washiriki waliofariki ulipochunguzwa. Jeni ilikuwa bado inafanya kazi hata baada ya miaka saba, lakini haikuwa imesambaa mbali kutoka ilipodungwa, na katika sehemu zote 15 zilizokaguliwa haikuzifikia seli zilizokusudiwa. Kwa hiyo wazo lenyewe lilikuwa halijapimwa. Mwaka 2021 chuo hicho kilitangaza jaribio jipya la protini nyingine, BDNF, ambapo madaktari huongoza sindano huku wakiutazama ubongo kwa mashine ya MRI.

Jeni inayohatarisha na inayokinga

Njia ya pili inahusu jeni iitwayo APOE. Kila mtu hurithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi, na nakala hizo huja katika aina tatu kuu. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walibaini kuwa aina ya E4 huongeza hatari ya Alzheimer. Aina ya E2, kinyume chake, huipunguza.

Kutokana na hilo, kampuni ya Lexeo Therapeutics ya Marekani ilifanya jaribio la awali kwa wagonjwa 15 wenye nakala mbili za E4, ikiwapa jeni ya E2 kupitia maji ya uti wa mgongo. Idadi hiyo ni ndogo mno kuthibitisha kwamba tiba hiyo inazuia kusahau.

Swali kwa Waafrika

Je, E4 ina uzito uleule kwa kila mtu? Utafiti uliowafuatilia wazee wa Kiyoruba mjini Ibadan, Nigeria, na Wamarekani Weusi wa Indianapolis ulionyesha mwaka 2001 kuwa visa vipya vya Alzheimer vilikuwa asilimia 1.15 kwa mwaka Ibadan, na 2.52 Indianapolis. Katika Wayoruba hao, E4 haikuonekana kuwa na athari kubwa kama ilivyo kwa Wazungu. Tiba iliyobuniwa na kupimwa kwa watu wa asili ya Ulaya pekee yaweza basi isiwafae wengine kwa kiwango kilekile.

Lipo pia suala la gharama. Zolgensma, tiba ya jeni ya maradhi ya misuli kwa watoto, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2019 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2 kwa dozi moja.

Kinachowezekana sasa

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet lilisema kuwa takriban asilimia 45 ya visa vya dimensia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangedhibitiwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, upotevu wa kusikia, upweke na kukosa elimu utotoni. Kupima shinikizo la damu na kulidhibiti hakuhitaji kusubiri jeni.