Fasi ya kukutania: tangu kyaghanda mpaka Sun City

Mwaka uliopita, katika kartie yetu, ndugu wawili waligombania parsele ya marehemu baba yao. Sisi wa kamati tukawaita kwa mazungumzo. Tulikubali haraka kukutania kwa yule mkubwa, sababu kwake kulikuwa viti vya kutosha na salo kubwa. Siku ile tulifika, chai ikatolewa, tukangoja. Mdogo hakuja. Alituma mtoto atuambie hivi: "Baba anasema hawezi kusamba kesi ndani ya nyumba ya mtu anayesamba naye." Wengine walikasirika, wakasema ni kiburi. Mimi niliona haya, maana ninafundisha historia, na jambo hilo liko ndani ya masomo ninayotoa kila mwaka.

Wazee wetu hawakufanya kosa kama hilo. Kwa Wanande kuna kyaghanda, nyumba ya kukutania, ambamo watu wanaikaa kuzunguka moto na kuongea mambo ya ukoo. Fasi zingine ilikuwa chini ya mti, ao kwenye barza. Hata mu Kifaransa cha huku Kivu watu wanasema "barza" bila kutafsiri. Fasi hizo ziko na jambo moja linalofanana: ziko wazi. Anayepita anaona nani ameketi na nani, na anayetaka kuondoka anaona njia. Zaidi ya yote, hakuna anayeweza kusema "hapa ni kwangu." Kuchagua fasi ilikuwa tayari nusu ya kesi.

Sasa tuangalie wakubwa wa inchi. Mkutano wa Meza ya Mviringo ulifanyika Bruxelles, tangu tarehe 20 Januari 1960 mpaka tarehe 20 Februari. Ilikuwa ni kwenda kusamba nyumbani kwa mkoloni mwenyewe. Lakini wajumbe wetu walifika na sauti moja, na walidai Lumumba atolewe mu gereza la Jadotville (leo Likasi) aje kuketi pamoja nao. Alifika tarehe 26 Januari, na kesho yake tarehe ya uhuru, 30 Juni, ikatangazwa. Kwa hiyo fasi mbaya inaweza kutengenezwa kidogo, kama wote wanaopaswa kuwa ndani wamo kweli. Hilo tulisahau mwaka uliofuata.

Mwaka 1961 ndio ninapenda kuwafundisha wanafunzi polepole. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari. Inchi ilikuwa na serikali ya Léopoldville, ya Gizenga kule Stanleyville, Katanga ya Tshombe na Kasai ya Kusini ya Kalonji. Nani angekwenda kwa nani? Mu Machi walikwenda mbali, Tananarive, kisiwani Madagascar. Hapo hakuna aliyeogopa kufungwa, lakini Gizenga hakwenda. Waliokuwepo walipatana juu ya muungano mlegevu wa mataifa madogo, jinsi Tshombe alivyotaka. Maneno yaliyopatanwa bila Stanleyville hayakudumu.

Mu Aprili wakakutana tena, mara hii ndani ya inchi, Coquilhatville, leo Mbandaka. Muji huo ulikuwa mikononi mwa waaskari wa Léopoldville. Tshombe aligombana na wengine juu ya mapatano ya Kasa-Vubu na ONU, akatoka mu mkutano. Tarehe 26 Aprili alipotaka kupanda ndege arudi kwake, waaskari walimzuia. Alikaa kifungoni mpaka karibu na mwisho wa Juni. Mimi si mtetezi wa Tshombe, hata kidogo. Lakini mtu aliyealikwa kwenye mazungumzo akafungwa na wenyeji, nani tena atakubali mwaliko wa wenyeji hao? Munafunzi mmoja aliniambia: "Mwalimu, lakini alistahili." Nilimjibu kwamba swali si lile.

Ndipo likaja wazo la Lovanium. Wabunge walikubali kukutana kwenye universite ile, kwenye kilima pembeni ya Léopoldville, fasi ambayo leo ni Universite ya Kinshasa. Waliingia mu Julai 1961, na waaskari wa ONU wakazunguka fasi yote. Silaha hazikuingia, na wabunge hawakuruhusiwa kuonana na watu wa inje mpaka kazi iishe. Walilala pale pale, wakala pale pale. Ni kyaghanda iliyogeuzwa: badala ya kuwa wazi ilifungwa, lakini ilifungwa kwa wote sawasawa, na ufunguo haukuwa mikononi mwa mmoja wao. Tarehe 2 Agosti serikali ya Adoula ilipata kura, na Gizenga akatajwa makamu wa waziri wa kwanza, ingawa yeye mwenyewe alibaki Stanleyville. Watu wa Tshombe hawakuwepo, na vita ya Katanga iliendelea.

Alama ya Coquilhatville ilionekana mu Desemba ya mwaka ule. Wakati Tshombe alipopaswa kuonana na Adoula, hawakukutana Léopoldville, bali Kitona, kambi ya waaskari karibu na bahari, chini ya ulinzi wa ONU. Balozi wa Marekani, Edmund Gullion, alisafiri pamoja naye mu ndege. Mtu mzima anasindikizwa na balozi kwenda kuongea na mwana-inchi mwenzake! Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 21 Desemba, na Tshombe aliporudi Katanga akaanza kuyakwepa.

Miaka thelathini baadaye, Mkutano Mkuu wa Taifa ulifunguliwa Kinshasa mu Agosti 1991, ndani ya Palais du Peuple, nyumba iliyojengwa kwa musaada wa Wachina. Ukumbi ulikuwa mkubwa na mzuri. Lakini waaskari wa muji walikuwa wa Mobutu, na mu Februari 1993 walizunguka nyumba ileile wakawafungia washauri wa Haut Conseil ndani siku kadha, wakitaka wakubali noti ya zaire milioni tano. Uzuri wa ukumbi hauwezi kuzuia bunduki kwenye mlango.

Pengine ndiyo sababu mwaka 2002 tulikwenda kuongea habari zetu Sun City, Afrika ya Kusini, fasi ya mahoteli na michezo ya feza, kuanzia tarehe 25 Februari mpaka 19 Aprili. Watu wa huku walisema kwa uchungu kwamba wanakula vizuri kule wakati sisi tunakimbia mu misitu. Walikuwa na haki. Lakini ni fasi gani ndani ya Kongo, mwaka ule, ambako watu wa Kinshasa, wa MLC na wa RCD wangelala nyumba moja bila hofu? Mapatano ya wote yalipatikana Pretoria tarehe 17 Desemba 2002, inje vilevile.

Ile kesi ya parsele bado. Mkubwa anasema kanisani, mdogo anasali fasi ingine. Juma lijalo tutawauliza wote wawili, kila mmoja peke yake, juu ya uwanja wa masomo, chini ya ule muti wa avoka.